Aliyetoka Kijijini Bila Kuhama Nyumba

Kabla ya kumwona, nilimsikia. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kidato cha kwanza, mvua imepiga bati tangu asubuhi, na ilipokatika ghafla neno moja likavuka ukuta kutoka darasa la jirani: “Thibitisha!” Ikafuata sauti ya mtu anayejitetea, kisha tena: “Thibitisha!” Mwalimu wetu wa Hisabati akaiacha chaki ubaoni, akatikisa kichwa.

“Huyo ni Uraia,” alisema. “Alhamisi ni zamu yenu. Mle vizuri.”

Alhamisi akaingia mwanamke mfupi ndani ya koti kubwa la kiume, mikono ya koti imekunjwa mara mbili. Somo lake kwenye ratiba lilikuwa na jina la Kiingereza, na kwa Kiingereza alilianza, dakika tano, za mkaguzi kama angepita. Kisha akafunga kitabu, akaenda mlangoni, akachungulia kushoto na kulia.

“Haya,” akasema. “Sasa tuseme kweli. Nani amewaambia kwamba mkubwa ana haki?”

Hakuna aliyekuwa ametuambia kitu kama hicho.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Mwenyewe aliyachukia maswali hayo. Mtu akimuuliza ukoo, alijibu, “Kwani unanioa?” Nitaandika ninayoyajua, na ninayoyajua yote yanazunguka jambo moja: aliamini kwamba kilicho kidogo kina haki ya kuondoka. Aliamini hivyo kuhusu nchi, na siku moja ilimbidi aamini hivyo kuhusu kijiji chake, na kuhusu mwili wake.

Kila mwaka, Juni, wakati upepo wa baridi wa nyanda za Ufipa unapita shuleni kama mtu anayetafuta deni, aliandaa mdahalo katika bwalo la chakula. Mada haikubadilika hata neno: nchi ndogo itafaidika ikijitoa katika muungano mkubwa. Makamu mkuu wa shule, mtu mpole aliyebakiza miaka michache kustaafu na hakutaka ivurugwe, alimfuata kila mwaka kwenye ofisi ya walimu.

“Mwalimu, hii nchi ndogo ni ipi?”

“Yoyote, mwalimu mwenzangu.”

“Yoyote si nchi.”

“Ndiyo maana inataka kujitoa.”

Makamu alijifuta jasho katika baridi ile, mdahalo ukafanyika.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipangwa upande wa kupinga. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Nikauliza nchi ndogo itanunua chumvi kwa nani, barabara yake itaishia wapi, mgonjwa wake mahututi atapelekwa hospitali gani. Nikasema kuna watu wanaotoka nyumba kubwa kwa hasira ya mboga chache, wakafika nje na kukuta hata jiko hawana. Bwalo lilipiga meza kwa vijiko. Mwalimu ndiye aliyekuwa jaji, akanipa ushindi bila kusita. Jioni akaniita kwenye veranda ya ofisi.

“Umeshinda vizuri,” alisema. “Na umekosea.”

“Nimekosea wapi, mwalimu?”

“Umetaja kila kitu ambacho nchi ndogo itakikosa. Hukuuliza kama ilikuwa nacho.”

Nilikwenda bwenini nimenuna. Nimeandika riwaya mbili tangu siku ile, na bado naisikia hukumu hiyo ninapompa mhusika hoja iliyo rahisi mno.

Nyumba yake ilikuwa mbali kidogo na shule, mwendo wa bodaboda kutoka barabara kuu ya kwenda Laela, katika kitongoji kilichoitwa na wote Ng'ambo kwa sababu kilikuwa ng'ambo ya mto. Upande wa huku ulikuwa kijiji chenyewe: zahanati, kanisa, shule ya msingi, ofisi ya mtendaji, soko la Jumatano. Ng'ambo palikuwa na nyumba za tofali kwenye mistari mitatu, mashine moja ya kusaga, na mto uliojaa kila masika hadi watoto wakakaa nyumbani wiki nzima, madaftari yao yakiwa juu ya kabati kama vyombo vya wageni.

Watu wa Ng'ambo wakaamua kujenga darasa upande wao. Walifyatua tofali miezi miwili, wakapanga tanuri kubwa kama nyumba, wakalichoma kwa kuni walizobeba wenyewe kichwani. Tofali zilipopoa zilikuwa nyekundu na zililia ukizigonga. Ndipo mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa, na hoja ikaletwa kwamba shule ya kijiji ina upungufu wa madarasa, na tofali ni mali ya kijiji, na kijiji ni kimoja. Wakapiga kura. Tofali zikavuka mto kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Nimesimuliwa kisa hiki na watu wengi, kila mmoja na laana yake. Yeye alikisimulia bila laana.

“Kura zilihesabiwa kwa haki,” alisema. “Hapo ndipo penye ugonjwa. Wangetuibia, tungekwenda polisi. Lakini walitushinda, na watatushinda kesho, na wajukuu wao watawashinda wajukuu zetu, kwa haki, mikono ikiwa juu. Unaniambia kijiji mama. Mama gani anamnyang'anya mtoto tofali?”

Hakushika panga, hakumtukana mtu. Alishika kalamu. Barua zilipita kwenye kata, zikapita halmashauri, zikarudi zina makosa, zikaenda tena zimerekebishwa. Miaka ikapita. Alistaafu akiwa katikati ya barua. Kibali kilipofika, Ng'ambo ikawa kijiji, na siku mhuri mpya ulipoletwa kutoka Sumbawanga aliomba kuujaribu. Hakuujaribu kwenye karatasi. Aliupiga kwenye kiganja chake, akakiinua watu waone, na akinamama wakapiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia.

Jumamosi tunakutana Chanji, mjini Sumbawanga, sisi tunaoandika, nyuma ya duka la vifaa vya shule, tunasomeana. Nikiwasomea habari za Ng'ambo, wenzangu huuliza swali lile lile. “Sawa, dada, lakini walifaidika?” Wanauliza wamekunja nne, wanakunywa chai. Nakataa kulijibu swali hilo kama lilivyo. Nawaambia walipata vyumba viwili vya darasa, kimoja hadi leo hakijapigwa plasta. Bado wanavuka mto kwenda zahanati. Mahindi yao yananunuliwa na wanunuzi wale wale wa Laela, kwa mizani ile ile. Na mkutano wao, ule wa watu wachache waliokaa kwenye magogo, ndio unaoamua tofali zao ziende wapi. Mwenye kuona hilo ni dogo, labda tofali zake hazijawahi kuvuka mto.

Asidhani mtu kwamba mwanamke huyu alipenda kutengana. Hakuweza kula peke yake hata siku moja; ukipita saa saba, alikuita kutoka dirishani kwa jina lako, na kama hakulijua alikuita kwa nguo uliyovaa. “Wewe shati la kijani! Ugali unapoa!” Binti mmoja wa jirani alipotaka kumwacha mume kwa ugomvi wa wiki moja, mwalimu alimrudisha njiani: “Umemwandikia? Umekaa naye? Basi hujajitoa, umekimbia.” Kila Jumapili alivuka mto kwenda misa upande ule ule aliouacha, akakaa benchi lile lile, akapeana amani na watu waliopiga kura ya kuchukua tofali. Niliwahi kumwambia hiyo inashangaza. Akanijibu kwamba alijitoa kwenye mkutano wa kijiji, hakujitoa kwenye ubinadamu, na kwamba mimi mpinzani wake nilikuwa bado sijakua.

Wala hakuwapa nafuu watu wake. Pembezoni mwa Ng'ambo walikuwa wamehamia wafugaji, familia chache kutoka upande wa ziwa kubwa la kaskazini, wenye ng'ombe na mashamba ya kukodi. Walipoomba mjumbe mmoja katika halmashauri ya kijiji kipya, wenyeji wakaguna. Wageni hawa, wakasema, wachache hawa, wanataka nini zaidi ya malisho? Nilikuwepo siku ile. Mwalimu alisimama pale kwenye magogo, koti likamfika magotini.

“Mmekuwa kijiji kwa masika mawili,” alisema, “tayari mmeshakuwa wakubwa?”

“Mwalimu, hao ni suala jingine,” mzee mmoja akasema.

“Thibitisha.”

Mzee hakuthibitisha. Wafugaji walipata mjumbe wao, na kwa miezi kadhaa nusu ya kijiji hawakumsalimu mwalimu vizuri. Aliwasalimu yeye, kwa sauti kubwa, kutoka mbali.

Lakini kulikuwa na kosa, na kosa lilikuwa lake. Wakati wa kutengeneza orodha ya kugawana, yeye ndiye aliyeshika daftari. Waliandika visima. Waliandika mashamba, miti ya mbao, njia za ng'ombe, kaya zote kwa majina. Mpaka ukawa mto. Hawakuandika makaburi. Huko kwao, kutaja makaburi kwenye kikao ambacho hakuna aliyekufa ni kumwita mtu afe, na katika miaka yote ile ya vikao hakuna aliyethubutu kumwita. Hata yeye, aliyetaka kila kitu kithibitishwe, alilipita neno hilo kwa heshima. Kibali kiliposainiwa, wafu wote wa Ng'ambo walibaki upande wa pili.

Wa kwanza kufa baada ya hapo alikuwa mzee jirani yake. Walimbeba kama walivyowabeba waliomtangulia, wakashuka hadi kivukoni. Upande wa pili wa mto walisimama watu wa kijiji mama, wengine wakilia kweli, maana marehemu alikuwa shemeji yao. Mtendaji akatangulia.

“Poleni sana,” akasema. “Barua iko wapi?”

“Barua ya nini?”

“Ya kuomba. Mkutano umepitisha: kijiji kingine kikitaka kuzika kwetu, kiombe kwa maandishi.”

Jeneza lilikuwa mabegani. Mwalimu alichana ukurasa katika daftari, akamgeuza kijana mmoja, akaandikia juu ya mgongo wake. Tunaomba. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kuandika neno kwa mwandiko mbaya kiasi kile. Kura ya sheria hiyo nayo, bila shaka, ilikuwa imehesabiwa kwa haki.

Wiki ile ile alitoa kipande cha shamba lake la mteremkoni kiwe makaburi ya Ng'ambo. Kilikuwa kimelimwa kwa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea, na bado hakijapandwa. Watu walikwenda, wakakitazama, wakamshukuru, wakaondoka. Na kila alipokufa mtu waliandika barua, wakavuka.

Si kwamba walikipenda kijiji mama. Hakuna aliyetaka marehemu wake awe wa kwanza pale. “Mwalimu,” mama mmoja alimwambia mbele yangu, machozi yakimtoka, “mama yangu akalale peke yake porini kama mchawi aliyefukuzwa?”

“Shamba lolote huanza na tuta moja,” mwalimu alijibu.

“Ndiyo. Lakini tuta si mama yangu.”

Nilimwona mwalimu akishindwa. Alikwenda ndani akamletea maji ya kunawa uso, kisha akakaa, akamwandikia ile barua ya kuomba kwa mkono wake.

Yeye mwenyewe alikuwa na mtu upande ule. Marehemu mumewe alikuwa fundi mwashi, mwenye lile koti, mtu mkubwa asiye na maneno, ambaye alijengea makaburi nusu ya kijiji. Alipoanza kuugua alikwenda kupima kaburi lake kwa kamba, akamwaga msingi yeye mwenyewe, polepole, akipumzika kila baada ya karai. Msingi wa watu wawili. Upande mmoja umefunikwa kwa saruji iliyosuguliwa ikalainika. Upande wa pili ulibaki wazi, na kila Jumapili baada ya misa mwalimu alipita akang'oa majani yaliyoota ndani yake. Nimewahi kumsindikiza. Aling'oa kama mtu anayetandika kitanda.

Juni iliyopita nilisikia kifua kimemlaza. Nikapanda basi la kwenda Laela, nikashuka njiani, nikachukua bodaboda. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti, jiko la mkaa miguuni, koti begani. Alikuwa amepungua hadi koti lilionekana limekaa lenyewe.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mpinzani. Wanasema unaniandika.”

“Bado sijaanza.”

“Usiniandike mwema. Watu wema hawasomwi.”

Nilikuwa nachemsha chai mlango ulipogongwa. Aliingia mwenyekiti wa kijiji mama, mwanafunzi wake wa zamani, aliyenitangulia madarasa mengi. Alikuja peke yake, bila mtendaji, ameshika mfuko wa machungwa. Alichuchumaa mlangoni akapiga makofi taratibu, kama tunavyowasalimu wakubwa huku kwetu.

“Umevuka bila barua?” mwalimu akamuuliza.

Mwenyekiti akacheka kwa aibu. “Mwalimu, usinichape.”

“Ningekuchapa zamani usingekuwa mwenyekiti. Kaa.”

Akakaa ukingoni mwa kochi. Alizungumza habari za mvua, za bei ya mbolea, kisha akatazama mikono yake.

“Mwalimu, nimekaa na halmashauri ya kijiji. Lile alilojenga marehemu fundi, upande wako upo. Tumefyeka, tumeweka na uzio. Siku ikifika, Mungu aisogeze mbali, hakuna barua. Hakuna kuomba. Wewe umetufundisha wote.”

Chai ilichemka ikamwagika kwenye mkaa, sikuiepua. Nilijua alichokuwa anapewa. Na nilitaka, nakiri hapa, nilitaka kwa moyo wote aseme asante.

“Na jirani yangu hapa akifa?” aliuliza.

“Huyo… utaratibu upo.”

“Wa kuomba.”

“Ni karatasi tu, mwalimu.”

“Kama ni karatasi tu, ifuteni.”

“Si mimi. Mkutano mkuu ulipitisha. Kura zili—”

“Zilihesabiwa kwa haki. Najua. Ni mimi niliyekufundisha kuzihesabu.”

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu wa upande wenye mikono mingi, na alikuja amebeba kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo. Alipofungua mdomo tena sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi.

“Mwalimu, fundi alijenga pawili. Utamwacha peke yake?”

Kwa miaka yote niliyomjua, jibu lake lilikuwa linamsubiri mlangoni kabla swali halijaingia. Safari hii halikuwepo. Alishika ukosi wa koti kwa mikono miwili. Akanitazama mimi, kama anataka kujua kama upande wa kupinga una la kusema. Nilikuwa nalo. Sikulisema.

“Fundi hayuko peke yake,” akasema hatimaye. “Kila aliyemjengea yuko pale. Amezungukwa na kazi yake. Mteremkoni kwangu hakuna mtu bado. Mama wa watu akiletwa pale, lazima amkute mwenyeji.”

“Ndiyo uamuzi wako?”

“Nimejithibitishia.”

Mwenyekiti akasimama. “Niwaambie nini?”

“Waambie nimeshukuru. Na machungwa nimeyapokea.”

Alichuchumaa tena, akapiga makofi, taratibu zaidi kuliko mwanzo, akatoka kinyumenyume hadi kizingitini. Nje upepo ulimshika shati. Hakugeuka kutazama nyuma.

“Funga, binti yangu,” mwalimu akasema. “Baridi inaingia.”

Nikaenda, nikaufunga mlango nyuma ya mwenyekiti.